UWONGO NI KITU, NA KUKOSEA KATIKA ITIKADI NI KITU KINGINE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyomo vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa zetu limekuwa likirudi suali moja, nalo ni hili: mtu anayeamini katika dini jambo tunaloliona sisi kuwa si kweli, kisha akalisema na kulifundisha watu, je, mtu huyo ni muwongo? Wanaouliza hawataki kucheza na maneno. Wanauliza kwa sababu neno hili limekwisha kuingia majumbani. Katika mitaa yetu wako ndugu wa tumbo moja, mmoja husoma maulidi na mwengine huyaona kuwa ni bid'a, na kila mmoja humwita mwenziwe muwongo wa dini. Wako waliokatiana salamu. Wako waliokataa posa ya kijana mwema, mwenye kazi na tabia njema, kwa kuwa baba yake husali katika msikiti wa "wale waongo". Neno lililoweza kufanya hayo halifai kuachwa bila ya kupimwa.

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii. Muwongo ni mtu ambaye ulimi wake umeufanyia khiyana moyo wake: anajua hivi, na anasema vile. Ama aliyesema lile analoliamini kwa kweli, na jambo lenyewe likawa si hivyo, huyo amekosea. Kosa lake huenda likawa dogo, na huenda likawa kubwa la kuangamiza, lakini jina lake si uwongo. Na mwenye kumwita muwongo bila ya kujua kwamba alikusudia, yeye ndiye aliyesema jambo asilolijua. Sasa na tuyaeleze hayo kwa dalili zake.

MAANA YA NENO

Kila neno la mtu lina mizani mbili. Ya kwanza ni kuangalia kama neno hilo limeafikiana na jambo lilivyo. Ya pili ni kuangalia kama limeafikiana na analoamini msemaji. Tukizikutanisha mizani hizi mbili tunapata watu wanne.

Wa kwanza husema analoliamini, na jambo likawa ndivyo lilivyo. Huyu ni mkweli, tena amepata. Wa pili husema analoliamini, na jambo likawa sivyo. Huyu ni mkosaji. Wa tatu husema asiloliamini, na jambo likawa sivyo. Huyu ni muwongo, hapana anayebisha. Wa nne husema asiloliamini, na jambo likawa kweli. Huyu ni mtu wa ajabu: maneno yake ni ya haki na yeye mwenyewe ni mdanganyifu.

Wanazuoni wa Kiarabu wamebishana sana juu ya wa pili na wa nne. Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra wa madhehebu ya Muutazila aliyekufa mwaka 255 Hijria, alisema kwamba ukweli kamili unataka mizani zote mbili, na uwongo kamili unataka zote mbili zivunjike. Yaliyo baina ya hayo si ukweli wala si uwongo. Jamhuri ya wanazuoni hawakumfuata. Imam An-Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani twamjua kwa kitabu chake cha Minhaj, alieleza kwamba kwa Ahlu Sunna neno la Kiarabu "kadhib" ni kutoa khabari ya jambo kinyume cha lilivyo, mtu akikusudia au asikusudie. Lakini dhambi haimpati ila aliyekusudia. Dalili yake ni ile Hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) iliyowaonya kwa Moto wanaomzulia uwongo, kwani ndani yake limetajwa sharti la kukusudia.

Hapa pana mtego ambao msomaji wa Kiswahili hana budi kuuangalia. Neno "kadhib" katika Kiarabu, na hasa katika lugha ya watu wa Hijazi wa zamani, hukusanya udanganyifu na kukosea pamoja. Neno letu "uwongo" halikusanyi hayo. Mswahili akiambiwa "wasema uwongo", husikia kwamba amekusudia kudanganya, na hukasirika kwa haki. Kwa hivyo anayeifasiri "kadhaba fulani" popote aionapo kwa maneno "fulani amesema uwongo" huenda akamzulia mtu mwema ubaya asiokuwa nao. Tutauona mfano wake hivi punde.

MAFUNZO YA QURANI

Katika mwanzo wa Sura Al-Munafiqun, ambayo ni ya 63, Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba wanafiki walimwendea Mtume (s.a.w.) na kushuhudia kuwa yeye ni Mtume wa Mungu. Neno lao lilikuwa la kweli, na Mungu akalithibitisha kuwa ni kweli. Kisha pamoja na hayo akashuhudia kuwa wanafiki hao ni waongo. Je, uwongo wao ulikuwa wapi? Ulikuwa katika kudai kwamba wanashuhudia, kwani ushahidi ni kitu kinachotoka moyoni, na mioyoni mwao haukuwamo. Huyu ndiye yule mtu wa nne. Tuzingatie basi: ikiwa mtu aweza kuwa muwongo hali neno lake ni la kweli, twaona kwamba kumwita mtu muwongo ni kuhukumu juu ya moyo wake, wala haitoshi kuhukumu juu ya maneno yake peke yake.

Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 5, tumeambiwa kwamba hapana lawama juu yetu katika tuliyoyakosea, bali lawama iko katika yale yaliyokusudiwa na nyoyo. Na katika Sura Al-Baqara, aya ya 225, tumeambiwa kwamba Mungu hatutesi kwa viapo vya upuzi, bali kwa yaliyochumwa na nyoyo zetu. Imam Malik amesema katika Muwatta kwamba bora aliyoyasikia katika kukifasiri kiapo cha upuzi ni mtu kuapa juu ya jambo analoliyakinisha, kisha likaonekana sivyo. Wanazuoni wa Kishafii husema makusudio yake ni kiapo kinachopita ulimini bila ya nia, kama mtu anaposema "la, wallahi" katika mazungumzo. Lakini wote wamekubali kwamba kiapo cha maangamizo ni cha yule aapaye hali anajua kuwa ni muwongo.

Tena Qurani haikuwachanganya watu wa dini nyengine katika kapu moja. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 146, imetaja kwamba liko kundi katika Watu wa Kitabu linaloificha haki nalo linajua. Imesema "kundi", haikusema wote. Na katika sura iyo hiyo, aya ya 78, imewataja wengine miongoni mwao kuwa ni watu wasiosoma, hawakijui Kitabu, hawana ila kudhani tu. Wale wa kwanza wamelaumiwa kwa kuficha, na hawa kwa kufuata dhana. Mwenyezi Mungu ambaye anayajua yote yaliyomo vifuani amepambanua baina yao. Basi vipi sisi tusioujua hata moyo wa jirani yetu tuwatie wote katika hukumu moja?

MASAHABA WALIPOHITALIFIANA

Bwana Abdullahi bin Umar (r.a.) alikuwa akisimulia kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Bibi Aisha (r.a.) aliposikia hakukubali. Aliona jambo hili haliafikiani na Qurani, kwani Qurani imesema kwamba hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyengine. Akaeleza kwamba jambo lenyewe lilikuwa hivi: Mtume (s.a.w.) alipita penye maiti ya mwanamke wa Kiyahudi aliyekuwa akililiwa, akasema kwamba hao wanamlilia na yeye anaadhibiwa kaburini mwake. Sasa tuangalie alivyosema juu ya Ibn Umar mwenyewe. Kwanza alimwombea Mungu amsamehe. Kisha akasema kwamba yeye hakusema uwongo, lakini amesahau au amekosea. Khabari hii imo katika Muwatta na katika Sahihi Muslim.

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache pana darasa kamili. Bibi Aisha hakunyamazia lile aliloliona kuwa ni kosa, wala hakusema kwamba kila mtu na rai yake. Alilirudi kwa dalili ya Qurani na kwa khabari ya aliyehudhuria. Lakini kabla ya kulirudi aliilinda heshima ya mwenziwe, akaufunga mlango wa dhana mbaya, asije msikilizaji akadhani kwamba kurudiwa kwa neno ni kuvunjwa kwa mtu.

Mfano wa pili ndio ule mtego wa lugha tulioutaja. Huko Sham palikuwa na mtu aitwaye Abu Muhammad aliyekuwa akisema kwamba sala ya witri ni wajibu. Bwana Ubada bin Samit (r.a.) alipoelezwa alisema "kadhaba Abu Muhammad". Imam Al-Khattabi, aliyekufa mwaka 388 Hijria, ameeleza kwamba maana yake ni "amekosea". Hoja yake ni ya wazi: uwongo huingia katika kutoa khabari, na Abu Muhammad hakutoa khabari, alitoa fatwa kwa ijtihadi yake, na mwenye ijtihadi hukosea, haitwi muwongo. Nasi twajua kwamba mpaka leo ndugu zetu Wahanafi, wengi wao katika miji yetu wenye asili ya Bara Hindi, husema kwamba witri ni wajibu, na sisi Mashafii twasema ni sunna iliyotiliwa nguvu. Lau kila asemaye ni wajibu angekuwa muwongo, tungekuwa tumewaita waongo Imam Abu Hanifa na mamilioni ya wacha Mungu waliomfuata.

WANAZUONI WA HADITHI NA MAHAKAMA

Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya furui, kama witri na kilio cha maiti, je, katika itikadi yenyewe? Jawabu iko katika kazi ya wanazuoni wa Hadithi. Hapana watu duniani waliowachunguza waongo kama wao, kwa sababu dini yote ilikuwa mikononi mwao. Na hao ndio waliopambanua sana baina ya itikadi ya mtu na ukweli wa ulimi wake.

Imam Bukhari, aliyekufa mwaka 256 Hijria, ametia katika Sahihi yake Hadithi iliyopokewa kwa njia ya Imran bin Hittan. Huyu alikuwa Khariji, na ni mshairi aliyemsifu yule aliyemuua Seyyidna Ali (r.a.). Hapana Sunni anayeipenda itikadi hiyo. Lakini Imam Abu Daud alishuhudia kwamba katika watu wa makundi yaliyopotoka hapana wenye Hadithi sahihi zaidi kuliko Makhawarij. Sababu yake yafahamika: wao waliitakidi kwamba mwenye kufanya dhambi kubwa ametoka katika Uislamu, na uwongo ni dhambi kubwa. Upotofu wao wenyewe uliwafanya wauogope uwongo.

Upande wa pili alikuwako Aban bin Taghlib wa Kufa, aliyekuwa Shia mwenye kushikilia sana Ushia wake. Adh-Dhahabi, aliyekufa mwaka 748 Hijria, alipomtaja katika kitabu chake cha Mizan alisema kwamba mtu huyu ni mkweli, na kwamba sisi twauchukua ukweli wake na bid'a yake twamwachia mwenyewe. Huu ndio uadilifu wa wanazuoni wetu waliotangulia. Mwenye kuwa nao aweza kukataa itikadi ya mtu asubuhi, na jioni akampa amana yake amwekee.

Na Imam Shafii, ambaye ndiye Imamu wetu, aliukubali ushahidi wa watu wa makundi yaliyopotoka mbele ya kadhi, illa kundi moja tu, nalo ni Khattabiya. Kwa nini hao peke yao? Kwa sababu wao walihalalisha kumshuhudilia mwenzao kwa jambo wasiloliona. Basi aliwakataa kwa sababu itikadi yao iliruhusu uwongo wenyewe. Wengine, ijapokuwa itikadi zao zilikuwa mbaya mbele yake, aliwaacha washuhudie, kwani mtu aweza kukosea katika sifa za Mungu na akasema kweli kabisa juu ya mpaka wa shamba.

Jambo hili si la vitabuni tu. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya Kenya ya mwaka 1967 imeweka kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ya kubaguliwa kwa sababu ya dini, na kwamba khabari ipimwe kwa kuaminika kwa ushahidi na si kwa idadi ya mashahidi. Na katika Unguja ya masultani wa Albusaidi, ambao walikuwa Maibadhi, walikuwako makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi pamoja. Sunni husema kwamba Waumini watamwona Mola wao Akhera, na Ibadhi husema kwamba Mungu haonekani duniani wala Akhera. Mmoja katika hao hana budi kuwa amekosea. Lakini watu hao waliuziana, walikopeshana, waliozana na kuandikiana mikataba, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba itikadi ya mwenziwe haimfanyi akadanganya katika mizani.

MWANDAMO WA MWEZI

Hakuna jambo linalotutolea neno "waongo" kila mwaka kama mwezi wa Ramadhani na wa Idi. Wako wanaofuata mwandamo wa nchi yao, na wako wanaofuata mwandamo popote ulipothibiti. Asubuhi ya Idi utawaona hawa wamevaa kanzu mpya na wale wamefunga, na maneno yaliyopo baina yao ni machungu kuliko shubiri.

Hebu tuangalie yaliyotokea zamani. Kuraib alitumwa na Ummu-l-Fadhl aende Sham kwa Muawiya. Mwezi wa Ramadhani ukamwandamia huko, akauona usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas (r.a.) alimuuliza ni lini waliuona mwezi, naye akamweleza. Ibn Abbas akamwambia kwamba wao Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwamba wataendelea kufunga mpaka watimize siku thalathini au wauone. Kuraib akauliza kama hautoshi mwandamo wa Muawiya na funga yake. Ibn Abbas akajibu kwamba la, na kwamba hivyo ndivyo Mtume (s.a.w.) alivyowaamrisha. Khabari hii imo katika Sahihi Muslim.

Ibn Abbas hakumwambia Kuraib kwamba hakuuona, wala hakusema kwamba watu wa Sham ni waongo. Alikuwa na hukumu yake juu ya miandamo ya nchi mbali mbali, akaifuata. Madhehebu yetu ya Shafii imeishika khabari hii, na wengine katika wanazuoni wameifahamu kwa namna nyengine, wakasema kwamba mwandamo wa nchi moja huwalazimu wote. Basi anayefungua siku moja kabla yetu kwa kuitakidi hivyo si muwongo, nasi tunaofunga si waongo. Muwongo katika mlango huu ni mmoja tu: anayesimama akashuhudia kwamba ameuona mwezi hali hakuuona.

WASIO KATIKA DINI YETU

Wako wanaodhani kwamba mlango huu unaishia kwa Waislamu tu. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 Hijria, katika kitabu chake cha Faisal aliwagawa wasioamini katika makundi matatu. Kwanza ni wale wasiosikia kabisa jina la Muhammad (s.a.w.). Pili ni wale waliosikia sifa zake na miujiza yake na wakawa wanachanganyika na Waislamu, kisha wakakataa. Tatu ni wale walio baina ya hao: walilisikia jina lake lakini si sifa zake, na tangu utotoni mwao waliambiwa kwamba palitokea mtu mdanganyifu aliyedai Utume. Ghazali aliwahesabu hawa wa tatu pamoja na wa kwanza kuwa wana udhuru. Nani basi aliyefanya uwongo hapo? Ni yule aliyeitunga khabari hiyo hali anajua. Mtoto aliyelelewa nayo husema alilolishwa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa tafsiri za Qurani kwa Kiswahili. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Godfrey Dale, padri wa Kianglikana wa Unguja. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya jumuiya ya Ahmadiya iliyofanywa na Sheikh Mubarak Ahmad. Na mwaka 1969 ikatoka kamili tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy. Katika aya ya 40 ya Sura Al-Ahzab, inayomtaja Mtume (s.a.w.) kuwa ni "khatam" wa Manabii, Waislamu kwa jumla wameshika kwamba hapana Nabii baada yake. Ahmadiya wameifahamu kwa namna inayoacha mlango wazi. Sisi twasema bila ya kusitasita kwamba kufahamu huko ni kosa, tena ni kosa katika msingi wa dini, si katika tawi lake. Lakini mwenye kufasiri neno kama anavyoamini huletewa dalili za lugha, na za Hadithi, na za kukubaliana kwa umma. Muwongo angekuwa yule ajuaye maana moja akaandika nyengine. Na zaidi ya hayo: mmoja wetu akisimama juu ya mimbari akadai kwamba katika tafsiri yao yameandikwa maneno fulani, naye hakuyaona humo, yeye ndiye muwongo siku hiyo, ijapokuwa itikadi yake ni sahihi na yao ni ya makosa.

ONYO LA UPANDE WA PILI

Haya tuliyoyasema yasifahamiwe vibaya. Asije mtu akasema: ikiwa anayeamini kwa kweli si muwongo, basi itikadi zote ni sawa. La. Nia njema haimgeuzi sumu kuwa dawa. Mtu akinywa maji ya chupa akidhani ni dawa, na kumbe ni sumu, nia yake itamwondolea lawama ya kujiua, lakini haitamwondolea sumu tumboni. Kwa ajili hiyo lazima kosa libainishwe. Anayelinyamazia kosa la nduguye kwa jina la kuheshimu itikadi yake amemwona anakunywa sumu akamwacha.

Pili, si kila asemaye "ndivyo ninavyoamini" ana udhuru. Baina ya muwongo na mkosaji yuko mtu mwengine, naye ni mzembe. Huyu hakukusudia kudanganya, lakini hakujali kutafuta ukweli. Husikia neno barazani, na kabla ya adhuhuri amekwisha kulifikisha sokoni kwa jina la Hadithi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa uwongo kwa mtu kuhadithia kila alichokisikia. Na ujira mmoja alioahidiwa mwenye kukosea ni wa hakimu aliyefanya juhudi akakosea. Asiyefanya juhudi hana fungu katika ahadi hiyo. Leo, ambapo neno moja lafika kwa maelfu ya watu kwa simu ya mkononi kabla ya mtu hajamaliza kulisoma, uzembe huu umekuwa msiba mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Tatu, waongo wako. Wako wanaouza hirizi nao wanajua kwamba hazina kitu. Wako wanaobuni ndoto na kuzinasibisha kwa Mtume (s.a.w.) ili wapewe fedha. Mtu wa namna hii akithibitika kwa ushahidi au kwa kukiri kwake, aitwe kwa jina lake, na watu wahadharishwe naye. Neno "muwongo" ni kama upanga wa kadhi: lina kazi yake na lina mahali pake, na likichomolewa katika kila ugomvi wa mtaani halitaogopwa tena na mwizi.

ADABU YA KUMRUDI MWENYE KUKOSEA

Katika haya yote twatoa mambo manne ya kufanyiwa kazi.

Kwanza, kabla ya kulirudi neno la mtu, hakikisha kwamba amelisema, tena ulielewe kama anavyolielewa yeye mwenyewe. Ukiweza kulieleza akakubali kwamba ndivyo anavyosema, hapo ndipo utakapoanza kumjibu.

Pili, sema "amekosea" maadamu huna dalili ya kusudi. Usama bin Zaid (r.a.) alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka Shahada, akadhani kwamba ameitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama aliupasua moyo wake akajua. Suali hilo laulizwa pia kwa mwenye kuua heshima ya mtu kwa ulimi.

Tatu, lirudi neno kwa dalili iliyo sawa na uzito wake. Muwongo hufichuliwa, na mkosaji hufundishwa. Ukimfichua anayestahiki kufundishwa utamfunga masikio, naye hatakusikia tena hata ukija na aya iliyo wazi kama jua. Wangapi wangeliacha bid'a lau wangelielezwa, na badala yake wameishikilia kwa kuwa walitukanwa?

Nne, haki za watu zibaki pale pale. Itikadi ya mtu isikuzuie kumwitikia salamu, kumzika maiti wake, kumlipa deni lake na kukubali kweli anaposema kweli. Na kijana aliyeposa apimwe kwa dini yake na tabia yake yeye, si kwa jina walilopewa watu wa msikiti wa baba yake.

MASUALI YA DARASA

1. Kwa nini wanafiki waliitwa waongo hali neno walilolisema lilikuwa kweli?
2. Bibi Aisha alimrudi vipi Ibn Umar, na alimlinda kwa neno gani?
3. Kwa nini Imam Shafii aliukataa ushahidi wa Khattabiya na akaukubali wa wengine?
4. Taja tafauti baina ya muwongo, mkosaji na mzembe, na utoe mfano wa kila mmoja kutokana na mambo ya mji wetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atupe kuiepuka. Na azilinde ndimi zetu zisiwahukumu waja wake kwa yale ambayo hayajui ila Yeye. Amin.